Mpira wa gofu unafupishwa: nani atapoteza yadi, na ngapi

Tangu Desemba 2023, R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga kanuni za gofu duniani, walipotangaza kwamba mpira wa gofu utabanwa usiende mbali kama sasa, klabuni maneno ni yale yale: mchezo unaharibiwa, mzee aliyekuwa akipiga yadi 190 atabaki na 170. Si kweli. Hesabu yake si ngumu, na ukishaielewa utaona kwamba yadi utakazonyang'anywa na kanuni ni chache kuliko zile unazozimwaga mwenyewe kila Jumamosi asubuhi.

Tuanze na kanuni yenyewe. Hakuna sheria inayosema mpira usivuke yadi 320 ukiwa kiwanjani. Sheria inazungumzia mashine. Maabara wana mtambo wa kupiga mpira, ule wa kwanza ulioitwa Iron Byron kwa heshima ya Byron Nelson, bingwa wa zamani wa gofu, ambao hauchoki wala haukosei. Mtambo huo unazungusha draiva ya titani (draiva ni fimbo ya kupigia mpira mbali kabisa) kwa mwendo mmoja uliopangwa, na mpira ukipigwa hivyo usizidi yadi 317, pamoja na yadi 3 za kufidia makosa ya vipimo. Matokeo yote husahihishwa yawe kama ya mahali pa usawa wa bahari, joto la nyuzi 24 hivi, bila upepo.

Kipimo kinachotumika tangu 2004 ni mwendo wa maili 120 kwa saa, mpira upae kwa pembe ya nyuzi 10 huku ukijizungusha mara 42 kwa sekunde. Kipimo kipya ni maili 125, nyuzi 11, mizunguko 37. Kikomo hakijaguswa, ni 317 na 3 ileile. Wengi wanateleza hapa. Yadi hazikupunguzwa kwenye karatasi, aliyeongezewa nguvu ni mpigaji wa mtihani.

Ukiongeza maili moja ya mwendo wa kichwa cha fimbo, mpira husogea mbele takriban yadi 2.5 hadi 3. Maili 5 basi ni yadi 13 au 15. Mpira wa leo unaogota kwenye kikomo kwa maili 120 ungekivuka kwa kiasi hicho ukipigwa kwa maili 125, na ili upite mtihani mpya kiwanda hakina budi kuukata. Ndiyo maana makadirio ya wenye kanuni kwa wapigaji warefu kabisa ni kupoteza yadi 13 hadi 15. Wanaume wa kulipwa wa kawaida watapoteza 9 hadi 11, wanawake wa kulipwa 5 hadi 7, na sisi wengine yadi 5 au pungufu.

Kwa nini hasara haiwi sawa kwa wote? Kiwanda kinaweza kuufupisha mpira kwa njia mbili. Kinaweza kukipunguzia kiini mruko wake kinapogongwa, na hapo kila mtu anapoteza kwa kadiri ya mwendo wake. Au kinaweza kubadilisha vile vishimo vya juu ya ganda ili hewa iushike zaidi. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: mpira ukienda kasi mara mbili, hewa inaukaba mara nne. Mpira unaoondoka kwa maili 183 kwa saa unakabwa vibaya, ule unaoondoka kwa 130 unakabwa kwa upole. Kwa hiyo mchezaji anayezungusha draiva kwa maili 85 au 90, na wengi wetu tuko hapo, ataguswa kidogo sana njia yoyote itakayotumika.

Sasa linganisha na kitu tunachokijua Afrika Mashariki. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mpira unaongezeka umbali kwa takriban asilimia 6. Arusha, kwenye mita 1,400, ni asilimia 5 hivi. Mtu anayepiga yadi 200 Dar es Salaam Gymkhana, pale baharini, akipanda kwenda viwanja vya Muthaiga au Karen, Nairobi, anapewa yadi 12 za bure bila kubadilisha chochote kwenye mfuko wake wa fimbo. Akirudi pwani anazirudisha zote. Hakuna anayesema mchezo wa pwani umeharibika. Mcheza gofu wa Nairobi anayeshuka Mombasa kucheza hupoteza zaidi ya mara mbili ya kile ambacho kanuni mpya itamchukulia, na kinachomsumbua siku hiyo ni upepo na jasho tu.

(Tukiwa hapo hapo: juu mlimani hewa nyepesi haiuinui mpira vizuri, hivyo unapaa chini kidogo na kupinda kidogo. Ukipanda Nairobi kwa mashindano, usishushe pembe ya draiva yako kwa tamaa ya umbali. Mara nyingi nyuzi moja ya kuongeza ndiyo inayosaidia.)

Kwa nini basi kuhangaika, kama sisi hatuguswi? Kwa sababu ya ardhi.

Mwaka 1980, mchezaji aliyeongoza kwa umbali kwenye PGA Tour, mzunguko wa mashindano ya wanaume wa kulipwa wa Marekani, Dan Pohl, alikuwa na wastani wa yadi 274.3. John Daly alikuwa wa kwanza kumaliza msimu juu ya 300, mwaka 1997. Mwaka 2023 Rory McIlroy aliongoza kwa 326.3, na wastani wa wachezaji wote ulikuwa umeshagusa 300. Mruko mkubwa ulitokea kati ya 2000 na 2003. Mpira wa zamani ulikuwa wa kusokotwa kwa uzi wa mpira ndani, na ulijizungusha mno ukigongwa na draiva. Oktoba 2000 ukaja Pro V1, wenye kiini kigumu na ganda laini la urethani: mzunguko mdogo kwa draiva, mzunguko mwingi kwa fimbo fupi. Wakati huo huo vichwa vya titani vilikuwa vinatanuka. Baada ya hapo zikaja kompyuta za kupima mpigo, na mazoezi ya uzito. R&A na USGA walitoa tamko la pamoja mwaka 2002 kwamba ongezeko lolote kubwa zaidi halitakiwi. Lilikuwa tamko zuri, lakini walikaa miaka ishirini na moja kabla ya kulitekeleza, na hilo nawalaumu.

Viwanja vikalazimika kurefuka. Augusta National, uwanja wa mashindano ya Masters huko Marekani, ilikuwa yadi 6,925 mwaka 1997, na leo imepita 7,500. Shimo la 13 peke yake liliongezwa kutoka 510 hadi 545 mwaka 2023, baada ya klabu kununua ardhi ya jirani yake. Augusta wana fedha za kununua ardhi ya jirani. Nitajie klabu ya mjini Dar, Kampala au Nairobi inayoweza kufanya hivyo. Viwanja vyetu vimezungukwa na barabara, kuta, maghorofa na bahari. Tii, pale shimo linapoanzia, haiwezi kurudi nyuma, nyuma kuna geti la mtu. Kila yadi inayoongezwa inataka maji, mbolea, dizeli ya mashine ya kukata majani, na dakika za kutembea. Halafu kuna hatari yenyewe: mpira unaokwenda yadi 320 ukipinda unatua mbali zaidi nje ya mstari kuliko wa 260. Shimo lililochorwa zamani likiwa na nafasi ya kutosha kutoka barabarani, leo halina.

Kwa hiyo naunga mkono mpira mfupi, na naunga mkono zaidi kwamba uwe mmoja kwa wote. Machi 2023 walikuja na wazo la kuwabana wachezaji wa juu peke yao, kwa kanuni maalumu ya mashindano. PGA Tour walilikataa. Mimi pia silipendi, ila kwa sababu nyingine. Tangu 2020 dunia nzima inatumia mfumo mmoja wa hendikapu, ile namba ya kusawazisha wachezaji wa viwango tofauti, na hendikapu haina maana kama mipira ni ya aina mbili. Tena, kwetu, kijana wa ridhaa mwenye hendikapu ya chini hualikwa kucheza na wa kulipwa. Angebeba mpira gani wiki hiyo?

Na si mara ya kwanza. Zamani Uingereza walicheza mpira wa kipenyo cha inchi 1.62, Marekani 1.68. Ule mdogo ulikata upepo vizuri na kwenda mbali. The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, ikaamuru mkubwa kuanzia 1974, na mdogo ukafutwa kabisa 1990. Leo mpira usipungue inchi 1.680, ambayo ni milimita 42.67, na usizidi gramu 45.93. Mchezo haukufa.

Draiva nayo ina kamba yake

Watu wanabishana kuhusu mpira wakisahau kwamba fimbo ilibanwa zamani. Kichwa cha draiva kisizidi sentimita za ujazo 460, na 10 za kuvumilia vipimo. Urefu wa fimbo usizidi inchi 48, na kuanzia 2022 waandaaji wa mashindano ya juu wanaruhusiwa kuushusha hadi 46. Phil Mickelson alishinda PGA Championship mwaka 2021, akiwa na miaka 50, kwa draiva iliyokaribia inchi 48, kwa hiyo mjadala huo haukuwa wa nadharia. Draiva za dukani nyingi ni inchi 45.5 hivi, na hata hizo ni ndefu mno kwa wengi.

Ukitaka kupima urefu, usiweke futi tu ubavuni mwa fimbo kutoka kisiginoni, yaani upande wa kichwa ulio karibu na mpini. Laza fimbo mezani, soli ya kichwa igusane na ubao ulioinamishwa nyuzi 60, kisha pima kuanzia pale meza na ubao vinapokutana hadi kwenye kofia ya kishikio. Ukipima kwa njia nyingine unaweza kukosea kwa nusu inchi.

Kinachobana umbali hasa ni ule uchepechepe wa uso wa fimbo, pale panapogonga mpira. Uso wa titani ni mwembamba, na mpira unapogonga unabonyea kisha unarudi, kama kitambaa kilichowambwa kwenye ngoma. Ukibonyea zaidi, mpira wenyewe unabondeka kidogo, na nishati inayopotea ni ndogo. Kipimo chake ni rahisi kukiona na macho. Fimbo inafungwa isitikisike. Kijiti kama pendulamu chenye kichwa cha chuma kinaachwa kianguke kwenye uso, na kifaa kinasoma chuma kiligusana na titani kwa muda gani. Kugusana kwa muda mrefu maana yake uso unabonyea zaidi. Kikomo ni maikrosekunde 239, na 18 za kuvumilia, jumla 257. Juu ya hapo fimbo imefeli.

Ukigeuza hiyo kuwa hesabu ya mrejesho, yaani sehemu ya mwendo inayorudishwa baada ya kugongana, kikomo ni 0.830. Chukua kichwa cha gramu 200 na mpira wa gramu 46. Mwendo wa mpira ni mwendo wa kichwa mara 1.83, gawanya kwa 1.23. Unapata 1.49 hivi. Ndiyo maana ukisimama mbele ya kompyuta ya kupima mpigo, namba ya uwiano haikai juu ya 1.50 hata ufanyeje. Sasa fanya udanganyifu: tumia draiva ya 0.86, ile inayouzwa kwa jina la mrejesho mkubwa. Uwiano unafika 1.51. Kwa mtu wa maili 90, mpira unaondoka kwa maili 136 badala ya 134. Ni yadi 4 hivi, kwa fimbo inayoweza kukuondoa mashindanoni.

Linganisha na kosa la kawaida. Mtu huyo huyo wa maili 90 akigonga katikati ya uso anapata uwiano wa 1.48, mpira unaondoka kwa maili 133. Akigonga kisiginoni, uwiano unashuka 1.40, mpira ni maili 126. Kila maili ya mpira ni karibu yadi 2. Amepoteza yadi 12 hadi 15, mara mbili au tatu ya zile ambazo kanuni mpya itamnyang'anya kwa mpigo mmoja. Nunua kopo la unga wa miguu, nyunyizia uso wa draiva kwenye uwanja wa mazoezi, piga mipira kumi, tazama alama. Zikiwa zimetawanyika kuelekea kisiginoni na ncha, shika fimbo inchi moja chini kwenye kishikio na upige kumi nyingine. Kwa watu wengi alama zinakusanyika, na umbali wa wastani haushuki. Ila unga ufutwe kabla ya kuingia mashindanoni: kupaka chochote usoni ili kubadili mzunguko wa mpira hakuruhusiwi, iwe unga, mafuta ya mgando au losheni ya jua. Mafuta yanapunguza mzunguko, na mpira hukimbia zaidi. Ndiyo maana yamekatazwa.

Kuna jambo moja la draiva ambalo si kosa la mtu. Uso ukigongwa maelfu ya mara hulegea na kubonyea zaidi, kabla haujapasuka. Kiwanda kinachotoa vichwa vyenye maikrosekunde 250 kinajua kwamba baada ya msimu baadhi vitapita 257. Mchezaji wa kulipwa Xander Schauffele alikuta hivyo kwenye uwanja wa Royal Portrush mwaka 2019, draiva yake ilipofeli kabla ya The Open na akalazimika kutumia nyingine. Kwa mchezaji wa klabu hili lisikukoseshe usingizi: kanuni inasema fimbo iliyobadilika kwa kutumika kwa kawaida inabaki halali. Wanaopimwa na pendulamu ni wa juu. Lakini sikiliza draiva yako. Ikianza kutoa mlio mkavu, kama debe lenye ufa, chunguza pale uso unapokutana na taji, sehemu ya juu ya kichwa, kwa kupitisha ukucha.

Na usibabaike na tangazo la "10K". Kichwa kinachokataa kusokotwa ukigonga pembeni kina kikomo chake: gramu-sentimita mraba 5,900, na 100 za kuvumilia, kwa mhimili wa wima. Namba 10,000 ni jumla ya mihimili miwili, kwa hiyo haivunji kanuni. Pia haina maana kwamba inasamehe mara mbili ya ile unayomiliki.

Kabla ya kulipa fedha

Fimbo za mtumba ndizo zinazoleta matatizo kwetu. Draiva za kabla ya 2008, hasa zilizotengenezwa kwa masoko ambako kikomo cha uchepechepe kilikuwa bado hakijaanza, zinaweza kuwa haramu ingawa jina ni la kampuni kubwa. Tovuti za R&A na USGA zina orodha ya vichwa halali, na ya visivyo halali, zote kwa picha. Usitafute kwa jina peke yake. Linganisha pembe iliyoandikwa, maandishi ya chini ya soli, na alama ndogo kama nukta au mshale, kwa sababu kampuni hiyo hiyo imetoa matoleo mawili ya jina moja, halali na haramu, tofauti ikiwa herufi moja.

Za kughushi ni balaa jingine. Jina lipo kwenye orodha, fimbo haipo. Angalia namba ya shingoni: imechongwa au imechapwa kwa wino? Pima uzito wa kichwa kama kimefunguliwa: draiva ni karibu gramu 200, na zilizoghushiwa mara nyingi zinapotea hapo.

Kwenye mipira, orodha inasomwa kwa maandishi mawili: ya juu, na yale ya ubavuni karibu na mshono. Yote mawili yafanane na orodha, mshale kwa mshale. Mipira iliyookotwa majini na kupakwa rangi upya ni ya mazoezi. Rangi inajaza vishimo, na mpira wenye vishimo vilivyojaa hauruki kama ulivyoumbwa. Mashindano yakiwa na kanuni ya orodha ya mipira, iliyokarabatiwa na yenye alama za X za kiwanda hairuhusiwi. Iliyoandikwa "Practice" inaruhusiwa, kama aina yenyewe imo kwenye orodha. Na usiuache mpira juani kwenye dashibodi kwa makusudi ili uchangamke: kuupasha moto ni kubadili tabia yake, na adhabu ya kuupiga ni kuondolewa mashindanoni.

Kuhusu tarehe, uamuzi wa 2023 uliweka Januari 2028 kwa mashindano ya juu na Januari 2030 kwa wachezaji wa ridhaa. Mipira iliyo halali leo ungeweza kuipiga hadi hapo. Usirundike madazeni stoo kwa hofu. Nunua ya msimu mmoja, iweke mahali pakavu pasipo na joto kali, na mwaka wa mabadiliko ukifika muulize nahodha wa klabu kama orodha mpya imeanza kutumika kwenye mashindano yenu ya mwezi.